Kutunza miti michanga ya mjini: mwongozo wa kazi ya majira ya joto kwa anayeanza

Mti unaopandwa kando ya barabara mwezi Mei haufi Mei. Hufa Julai, waliopiga nao picha wakiwa wameshaondoka, udongo umekauka na hakuna anayekumbuka kwamba pale pana kitu kinachohitaji maji. Ndiyo maana manispaa, bodi za bustani na mashirika ya miti ya Marekani huajiri vijana kila majira ya joto, Juni hadi Agosti, wahakikishe miti iliyopandwa mwaka huu na miaka miwili mitatu iliyopita inafika kwenye baridi ikiwa hai.

Nawaandikia vijana wetu walioko huku, wenye asili ya Kisumu, Mombasa, Kigoma au Bukavu, wanaoishi Minneapolis, Columbus, Louisville, Des Moines au Portland ya Maine. Nawaandikia pia wazazi wanaouliza kama kumwagilia miti ni kazi ya kweli. Ni kazi, inalipwa kwa saa, na haidai Kiingereza cha mahakamani. Mifano yangu mingi ni ya Minneapolis na St. Paul. Ukiwa Arizona au Texas, kiasi cha maji na majira ya kupanda ni mengine, kwa hiyo fuata wenyeji wako.

Jimbo la Minnesota lina sababu yake ya kupanda sana. Miaka ya 1970 ugonjwa wa miti ya elmu ulifyeka mitaa mizima ya Minneapolis, maana mitaa hiyo ilikuwa imepandwa elmu tupu. Mahali pengi pakajazwa miti ya eshi (ash kwa Kiingereza). Kisha mwaka 2009 mdudu wa kijani kutoka Asia, anayetoboa miti ya eshi, akaonekana St. Paul, na mwaka uliofuata Minneapolis. Kuanzia 2014 bodi ya bustani ya Minneapolis ilianza kuondoa makumi ya maelfu ya miti ya eshi na kupanda mingine mahali pake. Safari hii wamechanganya: mtaa mmoja utaukuta na mwaloni, mepli, lindeni, ginko na ule mti uitwao kahawa ya Kentucky. (Huo hauna undugu na kahawa ya Kilimanjaro. Wahamiaji wa zamani walikaanga mbegu zake kwa kukosa kahawa, lakini mbegu mbichi na maganda yake ni sumu, usijaribu.)

Hatua ya kwanza: karatasi, na mapema

Kosa la wengi ni kuomba kazi Juni, shule ikishafungwa. Programu za vijana hupokea maombi tangu majira ya baridi hadi Aprili, na nafasi huisha. New York ina programu ya ajira za vijana ya majira ya joto tangu 1963, inayochukua wenye miaka 14 hadi 24. Miji mingine mikubwa ina ya aina hiyo. Mbali na programu za vijana, tazama tovuti ya idara ya miti au ya bustani ya mji wako, sehemu ya kazi za msimu, na mashirika ya kiraia yanayopanda miti.

Siku ya kuajiriwa utajaza fomu mbili zisizokwepeka. I-9 ni ya kuthibitisha wewe ni nani na kwamba unaruhusiwa kufanya kazi; W-4 ni ya kodi. Hapa nasema wazi, kwa sababu nimeona watu wakiharibikiwa: mwanafunzi mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali maalumu, hata kama kazi ni ya kumwaga maji tu. Aliyeomba hifadhi angoje kadi yake ya kibali cha kazi. Usikubali kulipwa mkononi kwa ahadi kwamba "hakuna atakayejua."

Kwa walio na miaka 14 na 15, sheria ya shirikisho inaruhusu kazi za bustani kwa mikono, siyo kwa mashine za kukata nyasi zenye injini au umeme. Shule ikiwa imefungwa, mwisho ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Msimamizi akikupa mashine ya kufyekea na una miaka 15, mwambie umri wako kwa heshima. Atakushukuru kuliko atakavyomshukuru mkaguzi.

Mshahara wa kwanza huja na mshangao mdogo. Asilimia 6.2 inaenda Social Security (mfuko wa pensheni) na 1.45 Medicare (bima ya afya ya wazee), hata kwa kijana. Kodi ya mapato ni habari nyingine: kama mwaka jana hukudaiwa kodi yoyote na mwaka huu hutarajii kudaiwa, W-4 inakuruhusu kuomba usikatwe. Muulize mtu anayejua kabla ya kuandika chochote pale.

Hatua ya pili: mavazi na vitu vya kubeba

Buti zinazofunika kifundo, suruali ndefu, kofia yenye ukingo, glavu, fulana ya kung'aa (hii mwajiri hutoa), mafuta ya kujikinga na jua. Ndiyo, hata sisi. Ngozi nyeusi inaungua pia, inachelewa tu kuonyesha. Chupa ya maji ya lita mbili au zaidi. Chakula kisichoharibika garini.

Vifaa vya kazi vyenyewe vitakuwa kwenye pikapu: ndoo za lita 20, mpira wa maji, tangi, koleo, reki, toroli, mkasi wa kupogolea, tepu ya kupimia. Mimi humwambia kila anayeanza aweke pia bisbisi ndefu mfukoni. Sababu inakuja.

Hatua ya tatu: elewa mti unakunywa wapi

Ukishika jambo moja katika mwongozo huu, lishike hili, maana mengine yote yanatoka humo.

Mti mchanga wa mjini hukua kwanza shambani kwenye kitalu. Siku ya kung'olewa, sehemu kubwa ya mizizi yake hubaki kule shambani. Unachopokea mjini ni shina lenye kimo cha watu wawili juu ya bonge dogo la udongo na mizizi, lililofungwa kwa gunia na wavu wa waya, au mti uliokulia kwenye ndoo ya plastiki, au mti wenye mizizi mitupu usio na udongo kabisa. Kwa msimu wake wa kwanza mti huo, hata uonekane mkubwa namna gani, unaishi kama ua lililomo kwenye kopo. Unakunywa kutoka kwenye lile bonge tu. Maji ya nusu mita pembeni hayaufikii, kwa sababu hauna mizizi huko.

Kuna mtego mwingine. Udongo wa bonge mara nyingi si sawa na udongo wa mtaani. Bonge la kitalu laweza kuwa jepesi na la kunyonya haraka, na udongo wa kando ya barabara ukawa mfinyanzi ulioshindiliwa na magari ya ujenzi. Mvua ikinyesha, nyasi zote zinameremeta, pembeni pamelowa, na katikati ya bonge ni vumbi. Mpita njia ataona unamwagilia siku ya pili baada ya mvua, atakucheka. Mwache acheke.

Inachukua muda mizizi kutoka kwenye bonge na kuzoea udongo mpya. Katika majimbo ya kaskazini kadirio la kawaida ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa shina. Mti wenye unene wa sentimita 5 basi unahitaji uangalizi wa miaka miwili au mitatu. Unene huo hupimwa sentimita 15 kutoka ardhini. Zungusha tepu, gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 16 ni unene wa sentimita 5 hivi.

Hatua ya nne: gusa kabla ya kumwaga

Sasa toa bisbisi. Ichome kwenye bonge lenyewe, karibu na shina lakini bila kulitoboa, hadi sentimita 10 au 15. Ikiingia kwa urahisi na kutoka na udongo uliogandia, pana unyevu. Ikigoma, pamekauka. Kisha chimba kwa kidole hadi kiungo cha pili na uguse. Udongo mkavu, mwaga. Udongo wenye ubaridi na unaoshikana ukiufinya, mti huo unaweza kungoja. Udongo unaotoa maji ukiufinya, au wenye harufu ya kuoza, usiongeze hata tone, andika na umwambie kiongozi wa kikosi.

Hapo ndipo anayejua kazi anapotofautiana na anayemaliza orodha. Miti hufa kwa kiu, lakini hufa pia kwa kuzamishwa, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi, ambako shimo la kupandia hushika maji kama beseni na mizizi hukosa hewa. Na majani hudanganya. Mti wenye kiu hunyauka. Mti uliozamishwa hunyauka vilevile. Ukienda kwa macho tu utaumwagia maji uleule unaokufa kwa maji.

Alama nyingine za majani, kwa haraka. Kingo kukauka na kuwa kahawia: aghalabu kiu, joto au chumvi iliyomwagwa barabarani wakati wa theluji. Majani ya njano huku udongo umelowa: maji yamezidi. Majani ya njano yenye mishipa ya kijani, hasa kwenye mepli nyekundu: mti unashindwa kupata madini ya chuma kwenye udongo wenye chokaa nyingi, na maji hayatibu hilo. Majani yaliyoliwa yakabaki mishipa mitupu mwezi Julai, hasa kwenye lindeni: mende wa Japani, kijani kinachong'aa na mabawa ya rangi ya shaba. Wanatisha kuliko wanavyoua. Usinyunyize dawa yoyote, hiyo si kazi yako na inahitaji leseni.

Ukiwa na shaka kama mti ungali hai, kwangua kijitawi kwa ukucha. Chini ya gome pakiwa kijani, upo. Pakiwa kahawia na pakavu, jaribu tawi lingine lililo chini zaidi kabla ya kuutangaza maiti.

Hatua ya tano: kiasi cha maji

Kuna kanuni mbili utakazozisikia, na watu hubishana kana kwamba moja ni ya uongo. Kanuni ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota ni maji kidogo mara nyingi: lita 4 hadi 6 kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha kila baada ya siku mbili au tatu hadi wiki ya 12, kisha mara moja kwa wiki. Kanuni ya manispaa nyingi, New York ikiwamo, ni lita 57 hadi 75 mara moja kwa wiki, Mei hadi Oktoba.

Ya kwanza inafuata mahitaji ya mti. Ya pili inafuata uwezo wa gari na watu. Kikosi cha watu watatu chenye miti mia kadhaa hakiwezi kurudi kwa kila mti kila siku, basi kinamwaga nyingi polepole na kutegemea matandazo, yaani vipande vya mbao vinavyofunika udongo, yashike unyevu hadi wiki ijayo. Kama mwenye nyumba jirani anaweza kumwaga ndoo moja kila baada ya siku mbili kwenye mti uliopandwa mwezi huohuo, huo mti umebarikiwa. Nitarudi kwake.

Piga hesabu ya siku kabla ya kuondoka bohari. Miti 40 kwa lita 60 ni lita 2,400. Tangi la kawaida la plastiki lenye fremu ya chuma hubeba lita 1,000 hivi, kwa hiyo utajaza mara tatu. Ujue pia kwamba lita 1,000 za maji ni tani moja, na pikapu nyingi za kawaida haziruhusiwi kubeba tani nzima. Soma kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tangi lililojaa nusu lina hatari yake: maji yanakimbilia mbele unapopiga breki na pembeni unapokata kona. Maji huchotwa bohari au kwenye bomba la zimamoto, lakini bomba hilo lina kibali chake, ufunguo wake na valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye mfumo wa mji. Usiliguse bila ruhusa.

Kujua mpira wako unatoa kiasi gani, jaza ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, una lita 30 kwa dakika, na lita 60 ni dakika mbili. Ila kwa kasi hiyo udongo mwingi hautanyonya. Maji yatateremka barabarani na utakuwa umemwagilia lami. Punguza mkondo, au fanya wanavyofanya wazoefu: mwaga nusu kwenye mti wa kwanza, nenda wa pili, kisha rudi umalizie wa kwanza. Elekeza maji kwenye bonge na duara dogo pembeni yake, taratibu, mdomo wa mpira ukiwa chini. Kurusha maji juu ya majani ni mchezo wa watoto siku ya joto. Mti haufaidi kitu.

Mifuko ya kijani

Ile mifuko ya plastiki ya kijani utakayoiona imefungwa kwa zipu kuzunguka mashina ni msaada mkubwa ikitumiwa ipasavyo. Mkubwa wa kawaida hubeba lita 75 na kutoa maji kwa matundu madogo chini, kwa saa kadhaa. Kikosi kinajaza na kuondoka, mti unakunywa polepole.

Ujaze hadi usimame vizuri, uinue kidogo kwa vishikio mikunjo itoke chini, na uhakikishe matundu hayajaziba kwa matope. Ukirudi baada ya siku mbili ukakuta bado umejaa, umeziba. Kabla ya kuingiza mkono ndani au nyuma ya mfuko, upige kwa buti. Nyigu hupenda kujenga humo, na panya pia. Mfuko usiachwe kwenye shina mwaka mzima. Gome linalokaa na unyevu bila hewa huoza na kuficha wadudu. Uvue kila inapowezekana, ukague shina, urudishe. Kabla ya barafu uondolewe kabisa.

Watu wengi hudhani mfuko uliopo ni mfuko uliojaa. Mtaa mzima unaweza kuwa na mifuko mikavu inayopepea na kila mtu akaamini mti unatunzwa.

Nyasi, matandazo na mashine ya kufyeka

Nyasi ni mshindani wa kwanza wa mti mchanga, zinanyonya maji juujuu kabla hayajashuka. Ng'oa kwa mikono kwenye duara la angalau nusu mita kutoka shinani, zaidi kama mwenye mtaa anaruhusu. Tumia jembe dogo kwa uangalifu. Mizizi midogo iko juu, sentimita chache tu.

Kisha tandaza vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa upana. Acha shina lipumue: sentimita 8 hivi kuzunguka shina pawe wazi kabisa. Mjini utaona matandazo yamerundikwa hadi goti la mti, na makampuni ya bustani hulipwa kufanya hivyo. Ni uharibifu. Gome linaoza, na mizizi inaanza kuota ndani ya rundo na kulizunguka shina hadi kulinyonga miaka kumi baadaye. Ukikuta rundo, lisambaze. Ukifika chini tafuta pale shina linapotanuka kuingia mizizini. Usipopaona, yaani shina linaingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, mti ulipandwa kwa kina kupita kiasi. Andika, ni habari anayotakiwa kuipata mtaalamu wa miti.

Mashine ya kufyekea ya kamba ya nailoni inaua miti michanga mingi mitaani, na haiui siku hiyo, ndiyo maana hashtakiwi mtu. Kamba ikizunguka shina mara moja inavua gome, na chini ya gome ndiko inakopita njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi. Jeraha likizunguka shina lote, mizizi inakufa njaa. Kwa hiyo duara la matandazo lina kazi ya pili: linamwambia mkata nyasi aishie hapa. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yake kubwa zaidi, kuliko hata kushika unyevu.

Vigingi na mikanda

Mti haupaswi kufungwa kwa mazoea. Kuyumba kidogo kwa upepo ndiko kunakofanya shina linenepe chini na kujishikilia. Ukikuta vigingi, angalia: mkanda uwe mpana na uliolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili, usiwe waya mtupu. Baada ya msimu mmoja, kwa kawaida vitolewe. Mkanda uliosahaulika huzama ndani ya gome, na siku ya kuutoa unaondoka na nyama. Ule ulioanza kuzama usiuvute kwa nguvu. Mwite kiongozi.

Mkasi: tumia kidogo

Mwaka wa kwanza mti unahitaji kila jani ulilo nalo. Kata kilichokufa, kilichovunjika, na machipukizi yanayotoka chini ya shina. Basi. Kata nje kidogo ya kile kivimbe tawi linapoungana na shina, usibakize kisiki wala usikate kivimbe. Usipake rangi kwenye kidonda. Kati ya mti na mti futa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70.

Minnesota na majirani zake kuna kanuni ya wakati: mwaloni haukatwi kuanzia Aprili hadi Julai. Kidonda kibichi huvuta mende wadogo wanaobeba ukungu wa mnyauko wa mialoni. Elmu pia iache mpaka baridi. Lori likivunja tawi la mwaloni Juni, toa taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu hapo ndipo rangi hutumika, na ni kwa mialoni tu.

Joto, magari na wadudu

Serikali ya shirikisho inashauri kikombe cha maji kila dakika 15 hadi 20 kwenye joto, usingoje kiu. Wiki ya kwanza anza polepole, mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na waliokulia Dar es Salaam hawana kinga ya pekee baada ya miezi sita ya theluji. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura: piga 911, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi. Maji tunayo tele, garini.

Ngurumo ikisikika, ingia ndani ya jengo au garini, ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ukiwa kazini chini ya miti huo si woga.

Egesha gari kati yako na magari yanayokuja, weka koni, usirudi nyuma kinyumenyume na mpira mkononi. Jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye mikunjo. Jifunze mmea wa poizoni aivi: vijani vitatu vitatu, cha katikati kikiwa na kikonyo kirefu zaidi.

Choo na swala vipange asubuhi. Jua ni bustani ipi ina choo kilicho wazi, na kama unaswali adhuhuri mweleze msimamizi siku ya kwanza. Wengi wanakubali dakika chache ukiwaambia mapema.

Wenye mtaa

Ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara kwa kawaida husimamiwa na mji, lakini aliye mbele yake anauona ni wake, na ana haki ya kujua unafanya nini. Salimia kwanza. Ukimkuta mama wa Kikongo ameketi barazani, "Jambo mama, habari ya hapa?" itakupa zaidi ya kitambulisho chochote. Maji yatangoja dakika mbili.

Mwombe jambo dogo na mahususi. "Mama, ndoo mbili kila Jumamosi, polepole, hapa karibu na shina" linatendeka. "Mtunze mti" halitendeki. Mwoneshe kidole kinavyochomwa. Mwombe pia amwambie anayemkatia nyasi aishie nje ya duara. Wengine watakuambia hawakuuomba mti na majani yatawajazia mifereji. Wasikilize. Utafiti wa mwaka 2020 uliopima miji 108 ya Marekani uligundua kwamba mitaa ambayo ramani za serikali za miaka ya 1930 ziliitia alama kuwa ni hatari kwa mikopo ya nyumba ina joto zaidi kuliko mitaa mingine ya mji huohuo, kwa wastani nyuzi 2.6 za Selsiasi. Watu wa mitaa hiyo wameahidiwa mengi. Usiwahubirie, waandikie namba ya idara ya miti na uwaambie watakaoona mti umelala wapige.

Kuandika, na kukabidhi

Kila mti una namba kwenye orodha au kwenye programu ya simu. Andika tarehe, hali ya udongo, kiasi ulichomwaga, na tatizo moja kubwa ukiliona. "Mzuri" si taarifa. "Bonge kavu, mfuko umeziba, gome limechunwa upande wa barabara" ni taarifa. Piga picha ya mti mzima na ya tatizo. Usiandike umemwagilia mti ambao hukuufikia kwa sababu saa kumi imegonga. Atakayekufuata ataupita akiamini umekunywa.

Kazi yako ikiisha Agosti, miti haijaisha kiu. Inahitaji maji hadi ardhi igande, Oktoba au hata Novemba kaskazini. Acha orodha ya miti dhaifu kwa watakaobaki, na uikumbushe timu kuhusu uzio wa waya kuzunguka mashina dhidi ya sungura wanaotafuna gome chini ya theluji, na kizungushio cheupe cha shina kwa miti yenye gome jembamba isipasuliwe na jua la baridi.

Kabla hujarudisha fulana ya kung'aa, omba barua ya utambulisho inayotaja saa ulizofanya na kazi ulizozijua. Cheti cha utaalamu wa miti cha jumuiya ya kimataifa ya wataalamu hao, ISA, kinadai uzoefu wa miaka mitatu ya kazi, au pungufu ukiwa na masomo ya fani hiyo, na misimu iliyoandikwa vizuri ndiyo utakayoionesha.